Pini ya Kushoto

Mume wangu mtaa mzima unamwita Dereva, na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo, maana ndiyo kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja, kuendesha lori la maji la manispaa mpaka akastaafu. Ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu nikianza kumsema mtadhani simpendi. Mwema, lakini kichwa chake kigumu, na neno "nimekosea" halijawahi kumtoka mdomoni tangu nimjue. Sahani ikimponyoka ikavunjika, basi ilikuwa na ufa tangu dukani. Tukipotea njia, wamebadilisha barabara. Nimeishi naye nikicheka, kwa sababu ukiolewa na mtu wa aina hiyo usipocheka utazeeka kabla ya siku zako.

Mimi nilikuwa muuza spea. Miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la vipuri vya magari, mafundi wanakuja na kipande cha chuma kilichojaa grisi, "Mama, nipe kama hiki," nami nimeshakijua kabla hakijafutwa. Kazi niliiacha miaka minne iliyopita figo zangu zilipokufa. Tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi nalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne nzima, katika hospitali ya mji wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Dereva ndiye anayenipeleka na kunirudisha. Gari letu ni dogo, kuukuu, la gia za mkono, na kwa miaka yote minne lilikuwa halijatuangusha hata siku moja.

Alhamisi ile likatuangusha. Tulikuwa tunarudi, mimi nimeegemea dirisha na mfuko wa kutapikia mapajani, mara giaboksi ikaanza kusaga. Dereva akapunguza mwendo. Kikapasuka kitu ndani, kwa kishindo, na baada ya hapo injini ikawa inanguruma bure, kila gia anayoingiza gari halisogei. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu, jua linatuchoma, mpaka jirani yetu mchomelea mageti, yule tunayemwita Cheche, alipokuja na pikapu yake na kamba ya kutuvuta.

Ni katika kungoja huko ndipo nilipomwambia. Sikupanga kusema, lilinitoka tu.

"Dereva, nisikilize vizuri. Gari hili likipona kabla ya Jumatatu, nitakwenda hospitali. Lisipopona, siendi. Si kwa basi, si kwa teksi, si kwa gari la mtu. Nimechoka."

Akatazama mbele kama vile gari linakwenda. "Litapona," akasema.

Sikuwa natania, na yeye alijua. Watu wanadhani kuchoka ni kulala ukaamka mzima. Mimi nilikuwa nimechoshwa na kiu. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi, na kipande cha barafu cha kumumunya ukizidiwa. Nilichoshwa na zile sindano mbili nene kama misumari, na mkono wa kushoto unaotetema usiku na mchana pale walipounganisha mishipa, na majirani wanaonishika bega kana kwamba nimeshafiwa na nafsi yangu. Daktari aliniambia waziwazi: ukikosa mara moja utavimba miguu, ukikosa mara mbili maji yataingia mapafuni. Hesabu hiyo niliijua. Nilichokosa ni ujasiri wa kusema siendi tena, basi nikalitwisha gari. Nilitaka chuma kiamue badala yangu.

Ijumaa kutwa Dereva alizunguka kwa wanaokata magari mabovu, na Jumamosi asubuhi akarudi na Cheche, giaboksi nyuma ya pikapu. Wakaishusha uani, wakailaza juu ya katoni chini ya dirisha la jikoni. Gari lilikuwa limeshainuliwa, mbele kwenye stendi mbili, na matofali yamewekwa kwa tahadhari. Mimi nilikuwa nimeketi dirishani kwenye kiti changu chenye mto. Nikaitazama ile giaboksi. Si kwa hamu, ni mazoea tu, macho ya kazi hayastaafu. Ilitoka kwenye gari la aina ileile, na aliyeikata hakuwa na subira, alikuwa ameacha vikombe vyote viwili vya shafti vikiwa bado vimevaa ubavuni, kila kimoja na pini yake ndani, midomo imezibwa kwa matambara.

Hapo inabidi nieleze kidogo, maana roho yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kitu hicho. Shafti inayozungusha gurudumu inaishia ndani ya kikombe cha chuma, inacheza humo kwa gololi na grisi, na buti ya raba inafunika mdomo ili vumbi lisiingie. Kikombe kwa upande wa pili kina meno, kinavaa kwenye mhimili mfupi unaotokeza kwenye giaboksi. Halafu pini inapita katikati ya vyote viwili ili visiachane. Pini yenyewe si kitu, ni bati nene lililoviringwa likawa mrija mfupi, haufiki urefu wa kidole changu. Ukiitoa, kikombe kinachomoka na giaboksi inashuka. Ziko mbili tu, ya kulia na ya kushoto.

Ya kulia Dereva aliitoa kwa mapigo matatu. Nikamsikia anaimba chini ya gari. Moyo wangu ukashuka, sitaki kuwadanganya, nikajua Jumatatu nitakwenda.

Ya kushoto ikagoma. Alipiga kwa nyundo ndogo, akapiga kwa kubwa. Akamwagia mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, akapiga tena. Saa sita mchana alikuwa bado anapiga, na nyumba nzima inalia ngo, ngo, ngo, vikombe vya kabatini vinatikisika. Na ndipo alipoanza kumtukana aliyeiweka. Mjinga gani huyu, alisema, mwehu gani, fundi wa kuokota, nimpate leo nimtie hii nyundo mdomoni. Cheche, ambaye alikuwa amekuja kuangalia tu huku akila mchana wake kwenye bakuli, akasema haraka haraka haina baraka, huyo bwana alikuwa na haraka ya kwenda kunywa pombe.

Nikawaambia kutoka dirishani kwamba pini hiyo imepigwa kinyume. Niliwahi kuona nyingi dukani, mafundi wanazileta na hadithi zake. Tundu la kwenye mhimili halikutobolewa katikati kabisa, kwa hiyo kikombe kinakubali upande mmoja tu. Ukikivalisha nusu mzunguko, tundu unaliona, mwanga unapita, lakini vimepishana kwa upana wa ukucha. Fundi mwenye akili anakivua anakigeuza. Asiye na akili anachukua nyundo kubwa, pini inaingia kwa nguvu, inajikunja humo ndani, na haitoki tena mpaka kiama.

"Shemeji ni profesa," Cheche akasema. Dereva akarudi chini ya gari na kuendelea kugonga.

Nikakaa pale namtazama miguu. Ndipo macho yangu yakarudi kwenye ile giaboksi ya katoni, na nikaona. Yaani nikaona mara moja, kama mtu anayewashiwa taa. Hakuna haja ya kutoa pini ile. Vikombe viko hapa. Legeza klipu ya buti, ivute raba nyuma, shafti itachomoka kwenye kikombe cha zamani na gololi zake, giaboksi mbovu ishuke na kikombe chake na pini yake vyote, viende vikaozee mbele ya safari. Ile mpya ipande, shafti iingie kwenye kikombe kipya. Kazi ya saa mbili, tatu. Mtoto wa dukani kwetu angeliona hilo.

Nikafumba mdomo.

Nasema wazi, sikusahau wala sikuona haya kumfundisha mume mbele ya jirani. Nilifumba mdomo kwa kusudi. Nikainuka, nikaenda chumbani, nikajilaza na kufunika kichwa kwa shuka, na ile ngo, ngo ikanifuata mpaka kwenye mto wa kichwa. Nilijua kila pigo linapotea bure. Nilijua pia kwamba nikinyamaza mpaka Jumatatu, basi, imekwisha, na hakuna atakayesema nilijiua, watasema gari liliharibika.

Mnaweza kuuliza kwa nini yeye hakuona. Dereva ufundi alijifunza utu uzima, kwa mzee mmoja wa karakana ya manispaa, na mzee yule alimfundisha sheria moja: kilichoingia kwa pini hutoka kwa pini. Akiwa anafungua kitu hufuata mpangilio mpaka mwisho, nati kwa nati, anazipanga kwenye kitambaa kwa safu. Ukimwonyesha njia ya mkato anaona kama umemtukania mwalimu wake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake ni fupi sana upande huo. Lakini safari hii kulikuwa na jambo lingine, na mimi sikulijua bado.

Jumapili niliamka na miguu imevimba. Kidole nikikibonyeza kwenye ugoko, shimo linabaki. Ilikuwa mapema mno kuvimba hivyo, maana nilikuwa nimekunywa. Usiku nilikuwa nimekunywa glasi mbili za maji kwa mkupuo, maji baridi, na sijawahi kuonja kitu kitamu vile. Binti yetu, anayeishi mbali na mumewe, alipiga simu kama kila Jumapili. Nikamwambia baba yake anatengeneza gari na mimi sijambo. Akasema nimsalimie. Nilipokata simu nikalia kidogo, kisha nikajifuta.

Uani Cheche alikuwa ameleta mtungi wa gesi. Walichoma kikombe mpaka kikawa chekundu, grisi ikafuka moshi na kunuka hadi nikafunga dirisha, kisha wakagonga, pini ikakaa. Wakajaribu kuitoboa kwa drili, ncha ya kwanza ikakatika, ya pili ikakatika, na kipande kikabaki humo humo. Cheche akasema ameshindwa, shemeji samahani, yeye ni mtu wa mageti. Akaondoka na mtungi wake.

Dereva akabaki peke yake. Akagonga. Nilikuwa nimerudi dirishani, nashindwa kukaa chumbani nashindwa kukaa hapo. Uso ulikuwa umemjaa masizi, jasho limechora mistari, na mikono inatetemeka kiasi kwamba kile kichuma cha kusukumia pini kinamcheza. Nikaona nyundo inakwenda upande. Ikatua kwenye kidole gumba cha kushoto. Hakupiga kelele. Alitoka chini ya gari polepole, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akakishika kile kidole kwenye kwapa na kuinama.

Nikatoka nje. Nilitembea kwa kushika ukuta, maana pumzi ilikuwa imeanza kuwa fupi. Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake.

"Aliyeipiga ni mimi," akasema.

Sikumwelewa. Nikamuuliza kupiga nini.

"Hii pini. Ile siku ulipoanguka kauntani, miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimeifungua shafti hapa hapa uani, nabadilisha buti, wakanipigia simu wakasema umeanguka huamki. Sikuangalia tundu. Niliivalisha tu, nikachukua nyundo ya kuvunjia mawe nikaigonga mpaka ikaingia, nikaja." Akapumua. "Nilikumbuka tangu jana, pigo la kwanza tu nilipoona haijibu. Nikasema lazima niitoe mimi."

Siku mbili nzima alikuwa anamtukana mjinga, mwehu, fundi wa kuokota. Nilitaka kucheka.

Kisha akaweka nyundo chini. Aliiweka taratibu, kwenye kitambaa, mahali pake kwenye safu.

"Nimeshindwa," akasema. "Basi usiende. Ulisema umechoka, nilikusikia. Sitakutafutia teksi, wala sitaita ndugu waje kukusema. Nitakaa na wewe hapa nyumbani."

Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Tangu Alhamisi nilikuwa namngoja mtu aniambie neno hilo, basi, pumzika. Na nilipoambiwa, jamani, niliogopa. Niliogopa kama mtoto aliyeachiwa mkono katikati ya barabara. Uani palikuwa kimya, ile ngo, ngo iliyonikera siku mbili ilikuwa imekoma, na nikatambua kwamba muda wote ilipokuwa inalia kulikuwa na mtu mmoja duniani anayekataa nife, na mimi nilikuwa nimejiegemeza humo. Sasa amekubali. Nikajiona nimelala chumbani Jumatano, nahangaika kutafuta pumzi, na yeye amekaa kitandani na kidole chake kimevimba. Sikutaka. Nilikuwa nimechoka vilevile, hakuna kilichopungua, lakini sikutaka.

"Iache hiyo pini ilipo," nikamwambia. "Legeza klipu ya buti, vuta shafti itoke kikombeni. Giaboksi ile ina vikombe vyake."

Akaniangalia. Akageuza shingo akaiangalia ile giaboksi ya katoni. Akainuka, akaiendea, akachuchumaa, akatoa tambara kwenye mdomo wa kikombe cha kushoto na kuingiza kidole kizima ndani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko unaohitajika kukagua kikombe.

"Umejua tangu lini?"

Ningeweza kusema nimeona sasa hivi. Uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Tangu jana mchana."

Dereva si mjinga, msidhani. Nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, saa baada ya saa, nyundo baada ya nyundo, mpaka jana mchana, na alipofika huko midomo yake ikajikaza. Akachukua bisibisi, akaingia chini ya gari.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Klipu ililegea, shafti ikachomoka kwa mkono mmoja, gololi tatu zikadondoka vumbini na mimi nikaziokota na kuzifuta kwa kanga yangu. Aliniagiza nimwite Cheche kwa simu. Cheche akaja, akaona, akajipiga kofi kipajini, akasema kumbe tumekaa siku mbili tunapigana na mlango na dirisha liko wazi. Wakaishusha ile mbovu na kuipandisha nyingine kwa jeki na ubao, Cheche amelala chali anaisukuma kwa miguu, analalamika kwamba tumbo lake linamkosesha nafasi. Mimi nimekaa kwenye kigoda nawafokea: hiyo bolti ndefu ni ya juu, pakeni grisi ya kutosha, msinibanie buti kabla ya kutoa hewa. Sauti yangu ilikuwa inakatika kwa pumzi lakini niliwafokea. Dereva alifanya kila nililosema na hakuniangalia hata mara moja. Kabla jua halijazama gari lilikuwa chini kwa magurudumu yake, akaliwasha, akaingiza gia ya kwanza, likasogea hatua chache mpaka kwenye kamba ya nguo, akaingiza ya nyuma, likarudi.

Usiku ule nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni, maana nikijilaza nakosa pumzi. Yeye alilala kitini.

Jumatatu saa tatu nilikuwa nimesimama kwenye mizani ya hospitali. Kilo nne na nusu zimezidi, zote maji. Nesi alinisema sana, akauliza nani amekuruhusu kunywa hivi, unataka kutuua kwa presha, na mimi nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Wakanichoma sindano zao mbili. Mashine ikaanza kuzunguka, damu ikapita kwenye mrija mwekundu kama kawaida yake. Siku zote Dereva akishaniingiza huenda kukaa garini na redio yake. Siku hiyo alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, kidole kimefungwa bandeji, bado ana masizi ndani ya masikio. Tangu nyumbani hadi hospitali hakuwa amenisemesha zaidi ya kuniuliza kama nataka dirisha lifungwe.

Ilipita kama nusu saa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala.

"Siku ukichoka kweli," akasema, anaangalia sakafu, "niambie mimi. Niambie kwa mdomo. Usiniache nagonga chuma peke yangu siku mbili, na wewe umekaa dirishani unanitazama."

Alikuwa analia. Machozi yanamdondokea kwenye suruali na hayafuti. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Nikamjibu lile la kweli tu.

"Nimechoka, Dereva," nikamwambia. "Alhamisi tuondoke mapema kidogo."